Kamari Eldoret: Kutoka Mbio za Farasi hadi Simu ya Mkononi

Mji wa Eldoret nchini Kenya ulianzia kwenye Shamba Nambari 64, ndiyo maana wenyeji wangali wanauita Sisibo, yaani matamshi yao ya nambari hiyo kwa Kiingereza. Benki ya Standard ilifungua tawi hapo mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924. Walowezi walileta mbio za farasi, zilizoambatana na dau. Mtaa wa Race Course, ulioko kusini mwa mji, ungali unabeba jina la uwanja wa mbio hizo.

Baada ya uhuru, Bunge lilitunga Sheria ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo ya Bahati ya mwaka 1966 na kuunda bodi ya kutoa leseni. Chini ya sheria hiyo, poka na michezo mingine ya karata ya kuwekeana pesa iliruhusiwa katika kasino zenye leseni.

Mageuzi makubwa yaliletwa na M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyoanzishwa mwaka 2007. Mchezaji hakuhitaji tena kwenda popote: angeweza kupanga mkeka (orodha ya ubashiri) wa mechi za Ulaya akiwa kwenye bodaboda, alipe kwa simu, na akishinda apokee pesa kwa simu hiyo hiyo. Malalamiko kuhusu kodi na uraibu wa vijana yalipozidi, mwaka 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa kubwa za kamari. Sheria mpya ya mwaka 2025 iliifuta ile ya 1966 na kuunda mamlaka mpya ya kusimamia kamari nchini.