Pishi, Kilo na Mpunga wa Masagati

 

Debe la lita 20 likijazwa mchanga mkavu hufikia kilo 30 au kuzidi. Likijazwa mchele huwa kilo 16 hivi, na likijazwa mpunga likafutwa juu, kilo 11 au 12. Chombo ni kimoja, lakini mizani inatoa majibu matatu. Mkulima wa Masagati, katika bonde la Kilombero, analijua hili vizuri. Tunalitaja kwa sababu ndani yake mna mas'ala ya zaka.

Sa' ya Mtume (s.a.w.) ni kipimo cha ujazo. Sa' moja ni mudd nne, na mudd ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani. Masheikh wetu wa pwani waliifasiri kwa neno pishi, kwa kuwa pishi nayo ina vibaba vinne.

Wanachuoni walikhitilafiana walipoigeuza sa' kuwa uzito. Imam Abu Hanifa alisema ni ratili nane, na Imam Malik akasema ni ratili tano na thuluthi. Abu Yusuf (aliyefariki 182 H/798), mwanafunzi wa Abu Hanifa, alipofika Madina aliwataka watu hoja yao. Wakaja wazee wapatao hamsini, watoto wa Muhajirina na Ansari, kila mmoja na sa' yake chini ya joho, akieleza kuwa kairithi kwa wazazi wake. Akazilinganisha, akaziona ni sawa. Alipopima akapata ratili tano na thuluthi kwa upungufu mdogo, akaiacha kauli ya mwalimu wake. Khitilafu ile iliamuliwa na vyombo vyenyewe.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Rafi'i aliihesabu ratili ya Baghdad kuwa dirham 130, na Imam Nawawi (aliyefariki 676 H/1277) dirham 128 na sehemu nne za saba. Hata hivyo, Nawawi alibainisha kuwa asili ni ujazo, kwani uzito wa sa' hubadilika kwa aina ya nafaka, kama mtama na dengu.

Katika zama zetu, Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliikadiria sa' kuwa lita 2.75, yaani kilo 2.176 za ngano. Sheikh Ibn Uthaymin alitaja kilo 2.04 za ngano nzuri, akaelekeza zitiwe katika chombo kinachojaa kwazo, kisha chombo hicho ndicho kitumike kupimia. Kilo 2.5 za mchele wanazotoa wengi katika zakatul fitri zina ihtiyati ndani yake.

Tatizo kubwa liko kwenye zaka ya mazao. Nisabu ni wasaq tano, sawa na sa' 300, na kwa hesabu ya al-Qaradawi ni kilo 653. Kilo hizo ni za ngano. Mkulima akizichukua kwa mpunga wenye maganda atajihesabia wajibu ambao bado haujamfikia. Mafaqihi wa Shafi walikwisha sema kuwa mpunga uliohifadhiwa na maganda yake nisabu yake ni wasaq kumi. Hizo ni sa' 600, lita 1650, yaani madebe 82 na nusu yaliyofutwa juu, au kwa kukadiria kilo 950 za mpunga. Ukifika hapo, zaka ni moja ya kumi kwa uliomea kwa mvua, na nusu ya moja ya kumi kwa uliomwagiliwa kwa gharama.

Wala gunia la lumbesa halifai kuwa kipimo, maana halina mpaka unaojulikana.

Tunawanasihi maimamu wa vijijini waweke msikitini chombo cha lita 2.75 kilichohakikiwa, na wakati wa mavuno wawafundishe watu kuanza na ujazo kabla ya mizani. Haki ya fukara isipungue, na mkulima asidaiwa asichowajibishwa.

Wallahu a'lam.