Koti la Baridi katika Nchi ya Hari

Mtu ashukaye kutoka Tukuyu kwenda Ipinda na Matema huacha nyuma yake ukungu wa Mlima Rungwe, wenye kimo cha takriban mita 2,960, na kabla jua halijapinduka hujikuta katika uwanda wa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, mahali palipo karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, ambapo hari na rutuba hukaa pamoja kama mke na mume. Muumba aliyewagawia viumbe mavazi yao alimweka kipunji, yule kima wa manyoya marefu ambaye wataalamu hawakumtambua hadi mwaka 2003, huko juu kwenye baridi, wala hakumteremsha uwandani. Wanyakyusa wa kale, wenyeji wa huko, nao walivaa kwa kadiri ya nchi yao: magome ya miti yaliyopondwa, majani ya mgomba, na pete za shaba viunoni.

Imekuwaje, basi, hata ukakuta chini ya kitanda cha mzee wa Kyela sanduku la bati, na ndani yake koti zito la sufu lenye kola ya ngozi ya kondoo?

Jawabu liko kusini. Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilikataza kuajiri migodini watu watokao kaskazini ya latitudo ya 22 Kusini, kwa kuwa wana wa nchi za joto walikuwa wakifa kwa kichomi kwa wingi wa kutisha. Na katika miaka ya 1930 katazo hilo lilipolegezwa, shirika la uajiri ambalo watu wetu waliliita Wenela lilipata njia ya kufika hata Tanganyika. Vijana wa Kyela, waliokwisha kuzoea dhahabu ya Lupa kule Chunya na shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wakaenda hadi Johannesburg, mji ulio juu ya mita 1,700, ambako asubuhi za Juni na Julai majani huamka yamefunikwa na jalidi. Huko koti halikuwa pambo hata kidogo. Lilikuwa ngao ya mapafu, na aliyerudi nalo alirudi na ushahidi wa uhai wake mwenyewe. Baada ya uhuru wa 1961 serikali yetu ikaufunga mlango wa Wenela, na makoti yaliyokwisha kufika yakawa tunu.

Nilionyeshwa moja huko Kyela, katika nyumba isiyo mbali na Mwaya. Mwenyewe, aliyelirithi kwa baba yake mkubwa, alifungua kufuli taratibu. Ikatoka kwanza harufu kali ya naftalini, kisha shuka kuukuu ya pamba, na ndani ya shuka koti la rangi ya kahawia, lililopangwa majani makavu ya tumbaku katika kila kunjo, na kila kifungo chake cha shaba kimeviringishwa kitambaa ili kutu yake ya kijani isiingie katika sufu.

“Hili, mwanangu,” akasema, “hutunzwa kama mpunga.”

Sikumfahamu mpaka aliponieleza. Mpunga ukitiwa ghalani ungali na unyevu, hupata joto, ukavunda. Na koti likifungiwa sandukuni na jasho lake au na hewa ya masika, huota kuvu. Kwa hiyo masika yakiisha, siku kavu za Julai, hulitoa, akalitandaza juu ya mkeka chini ya mwembe, upepo wa ziwani upite, akaligeuzageuza kama ageuzavyo mpunga, ila haliweki juani, maana jua kali huikausha ile ngozi ya kola, mafuta yake yakaisha, ikapasuka. Kisha hulipiga kwa kijiti chembamba, akageuza mifuko nje, akapekua chini ya kola, hapo hasa, kwa sababu nondo arukaye hali kitu. Alaye ni mtoto wake, kile kiwavi kidogo chenye kupenda giza na mahali palipoguswa na jasho la shingo.

Elimu hii si ya Kyela peke yake. Waungwana wa Unguja na Mombasa walihifadhi majoho na mabushuti yao katika makasha kwa kafuri na moshi wa udi. Na huko London na New York, tangu mwishoni mwa karne ya 19, wauza manyoya walijenga vyumba vilivyopozwa kwa mitambo, ambamo matajiri waliyaweka makoti yao majira yote ya joto, kwani katika baridi nondo hazai wala kiwavi hali. Kyela haikuwa na mtambo huo, nami naona kazi ya yule mzee ni adhimu zaidi, maana ilimpasa kushinda kwa macho na mikono yake adui wale wale ambao wamisionari, tangu walipoingia Unyakyusa mwaka 1891, waliwahubiri kutoka katika Mathayo: nondo na kutu. Wasikilizaji wao hawakuhitaji tafsiri.

Koti lenyewe huvaliwa mara chache, aghalabu katika usiku wa msiba, watu wanapolala nje. Siku ile halikuvaliwa. Alilikunja upya, akiyaepuka makunjo ya mwaka uliopita ili sufu isikatike pale pale, akabadili majani ya tumbaku, akafunga kufuli, akalirudisha sanduku juu ya matofali mawili, kwa kuwa Mto Mbaka ukifurika maji huingia mpaka chumbani.