USS Outpost (AGR-10)

USS Outpost (AGR-10) ilikuwa meli ya Jeshi la Wanamaji la Marekani iliyofanya doria ya rada katika Bahari ya Atlantiki wakati wa Vita Baridi, kuanzia mwaka 1956 hadi 1965. Awali ilikuwa meli ya mizigo ya aina ya Liberty iliyoitwa SS Francis J. O'Gara. Ilikuwa moja kati ya meli 16 za jamii ya Guardian, ambazo zote zilitokana na meli za mizigo. Hukumbukwa pia kwa sababu ya jina lake la kwanza: mtu ambaye meli ilipewa jina lake alidhaniwa amekufa, kumbe alikuwa hai katika kambi ya wafungwa wa vita.

Jina la kwanza

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Marekani iliunda zaidi ya meli 2,700 za Liberty. Kwa kawaida zilipewa majina ya watu waliokwisha kufariki, na kuelekea mwisho wa vita wengi waliopewa heshima hiyo walikuwa mabaharia wa meli za biashara waliouawa kazini.

Francis J. O'Gara alikuwa mtumishi wa mamlaka ya serikali ya Marekani iliyosimamia meli za mizigo wakati wa vita. Mwaka 1944 alikuwa akisafiri kwenda India ndani ya SS Jean Nicolet, ambayo nayo ilikuwa meli ya Liberty. Tarehe 2 Julai 1944 meli hiyo ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani I-8 katika Bahari ya Hindi, kusini mwa Ceylon (leo Sri Lanka). Watu wapatao 100 walikuwamo, na karibu wote waliwahi kushuka kwenye mashua za uokoaji. Wajapani wakawakusanya juu ya sitaha ya nyambizi, wakawafunga mikono, na wengi wakapigwa na kuuawa hapohapo. Kisha nyambizi ilizama chini ya maji huku wengine wakiwa bado wamefungwa juu yake. Waliookolewa baharini siku mbili baadaye walikuwa 23 tu.

O'Gara hakuwa miongoni mwao, akahesabiwa kuwa amekufa, na meli iliyokuwa ikiundwa huko Panama City katika jimbo la Florida ikapewa jina lake. Ukweli ni kwamba nyambizi ilikuwa imechukua mateka watatu: nahodha, ofisa wa redio na O'Gara mwenyewe. Wawili wa kwanza hawakurudi. O'Gara alikutwa hai mwaka 1945 katika kambi ya Ofuna nchini Japani. Hivyo akawa mtu pekee aliyekuwa hai huku meli ya Liberty ikiwa na jina lake.

Muundo wa awali

Meli ilishushwa majini mwaka 1945 na kampuni ya J. A. Jones. Ilikuwa na urefu wa mita 134.6 na upana wa mita 17.3. Injini yake ya mvuke yenye nguvu za farasi 2,500 iliiwezesha kwenda takriban kilometa 20 kwa saa, mwendo uliohesabiwa kuwa wa polepole hata katika miaka hiyo.

Haikuwa Liberty ya kawaida. Ilikuwa ya toleo la Z-EC2-S-C5, lililoundwa kubebea ndege zilizofungwa katika masanduku makubwa. Kwa ajili hiyo ilikuwa na ngama nne badala ya tano za meli nyingine za Liberty, na milango ya ngama hizo ilikuwa mipana zaidi. Baada ya vita meli za namna hii zilibaki bila kazi katika akiba ya serikali. Miaka kumi baadaye Jeshi la Wanamaji lilipotafuta meli za bei nafuu zenye nafasi kubwa ndani, lilichagua toleo hili kwa meli zote 16.

Sababu za kuweka rada baharini

Umoja wa Kisovyeti ulijaribu bomu lake la kwanza la nyuklia mwezi Agosti 1949. Tangu hapo viongozi wa Marekani walihofia ndege za mabomu ambazo zingeweza kufika kutoka upande wa bahari. Rada za pwani hazikutosha, kwa kuwa mawimbi ya rada husafiri karibu kwa mstari ulionyooka wakati uso wa dunia hupinda. Ndege inayoruka kwenye kimo cha mita 10,000 huweza kuonekana kutoka umbali wa kilometa 400 au zaidi. Ikishuka hadi mita 300 haionekani mpaka ifike karibu ya kilometa 100, na wakati huo imebakiza dakika chache tu kufika mjini.

Jawabu lilikuwa kusogeza rada yenyewe baharini. Wazo halikuwa jipya: katika mapigano ya Okinawa mwaka 1945 Wamarekani waliweka manowari za rada kuzunguka kisiwa ili zitoe onyo la mapema. Manowari hizo ndizo zilizoshambuliwa kwanza na marubani wa Kijapani wa kujitoa mhanga, na hasara yake ilikuwa kubwa.

Ugeuzaji na utumishi

Jeshi la Wanamaji lilichukua meli mwaka 1955, likaibadilisha na kuipa jina la Outpost, yaani kituo cha mbele cha ulinzi. Ngama ziligeuzwa kuwa vyumba vya rada, mawasiliano na malazi ya mabaharia wapatao 150. Kwa kuwa meli tupu ya mizigo huyumba sana, uzito uliongezwa chini ili itulie. Juu ziliwekwa rada za kutafuta ndege na za kupima kimo chake. Silaha zilikuwa mizinga miwili midogo. Kwa mwendo wake, meli isingeweza kukimbia wala kupigana kwa muda mrefu. Kazi yake ilikuwa kuona na kutoa taarifa kabla ya kushambuliwa.

Mwanzoni namba yake ilikuwa YAGR-10. Herufi Y hutumiwa kwa vyombo vya huduma za bandarini kama matishari, jambo la ajabu kidogo kwa meli ya kukaa katikati ya bahari. Tarehe 28 Septemba 1958 herufi hiyo iliondolewa kwa meli zote za jamii hii.

Outpost ilikuwa na kituo chake katika jimbo la Rhode Island, kwanza Newport na baadaye Davisville. Meli nane zililinda upande wa Atlantiki na nyingine nane upande wa Pasifiki. Kila moja ilikaa kwenye eneo lake, kilometa mia kadhaa kutoka pwani, kwa mwezi mmoja au zaidi, kisha ikapokewa na nyingine. Taarifa za kila ndege iliyoonekana zilitumwa nchi kavu na kulinganishwa na ratiba za safari za abiria. Ndege za doria zenye rada zilisaidiana na meli hizi. Mabaharia walipima pia hali ya hewa na kusaidia katika uokoaji. Adui mkubwa wa kila siku alikuwa dhoruba za majira ya baridi. Shambulio lenyewe halikutokea kamwe.

Kuondolewa

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hatari kuu ilikuwa imehama kutoka kwenye ndege kwenda kwenye makombora ya masafa marefu, ambayo rada za meli hizi hazikuundwa kuyagundua. Outpost na wenzake waliondolewa katika utumishi mwaka 1965. Baadaye iliuzwa ikakatwa kuwa chuma chakavu. Hakuna meli hata moja ya jamii ya Guardian iliyohifadhiwa kama makumbusho.