Mchango Si Mshahara

Wiki iliyopita binamu yangu, ambaye anakimbilia chuo kimoja huko Marekani, alinitumia skrinshoti. Ilikuwa barua pepe iliyotumwa kwa wanafunzi wote na kwa watu waliowahi kusoma hapo. Ujumbe ulikuwa rahisi: changa dola kumi kila mwezi, pesa ziende kwa wachezaji wa timu ya mpira wa Marekani, ule wa helmeti na kugongana. Chini yake binamu ameandika maneno matatu tu: "Hata mimi nichange?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Huyu msee anaamka saa kumi na moja asubuhi kukimbia kwenye theluji, amevaa jina la chuo kifuani, na sheria ya visa yake haimruhusu kupokea pesa kama hizo kirahisi. Lakini kuchanga? Hapo anakaribishwa kwa mikono miwili.

Kwa mashabiki wa huko, huu mjadala ni moto. Upande mmoja unasema: hawa vijana wanatupa raha kila Jumamosi, wanavunjika magoti kwa ajili yetu, acha tuwachangie. Upande wa pili unasema: mimi tayari nalipa tiketi, nalipa maegesho, nalipa runinga, na bado nina deni la karo. Kwani chuo kimeishiwa?

Enyewe wote wana hoja. Shida yangu ni kwamba wanaongea ni kama jambo hili limeanza juzi. Halijaanza juzi. Turudi nyuma kidogo.

Mashindano ya kwanza kabisa kati ya vyuo viwili vya Marekani yalikuwa ya kupiga makasia, Harvard dhidi ya Yale, mwaka wa 1852, kwenye ziwa moja jimbo la New Hampshire. Nani alilipa? Kampuni ya reli. Ilitaka watu wapande treni kwenda kutazama, kwa hivyo ikawagharamia vijana safari na makao. Yaani kabla hata hakujawa na chama cha kusimamia michezo ya vyuo, tayari kulikuwa na mtu wa nje anayewalipia wachezaji kwa sababu ameona faida.

Chama chenyewe kilikuja mwaka wa 1906, baada ya vijana kufa viwanjani hadi Rais Theodore Roosevelt akaita wakubwa wa vyuo Ikulu. Ndicho leo kinaitwa NCAA. Msimamo wake tangu mwanzo ulikuwa kwamba mchezaji wa chuo ni wa ridhaa. Anacheza kwa mapenzi, halipwi.

Kwenye karatasi, sawa. Mtaani, mambo mengine kabisa. Mwaka wa 1929 taasisi ya Carnegie ilitoa ripoti kubwa iliyoonyesha kwamba vyuo vingi vilivyochunguzwa vilikuwa vinawavuta wachezaji kwa pesa na misaada. Waliotoa walikuwa makocha, wazee waliosoma hapo, na wafanyabiashara wa karibu. Kijana anapewa kazi ambayo haihitaji afanye kazi, na mshahara unaingia. Tungekuwa sisi tungesema ni mfanyakazi hewa.

NCAA ikajaribu kukaza kamba mwaka wa 1948, ikashindwa ndani ya miaka michache. Mwaka wa 1956 ikalegeza: chuo kinaweza kumlipia mtu karo, malazi, chakula na vitabu kwa sababu ya michezo tu. Hapo ndipo ulipotokea ule ufadhili ambao baadaye uliwachukua wakimbiaji wetu kutoka Bonde la Ufa.

Sasa sikiliza hii, kwa sababu kwangu ndiyo moyo wa stori yote. Mwaka wa 1955 mchezaji anayeitwa Ray Dennison, wa chuo kidogo jimbo la Colorado, aligongwa kichwa uwanjani akafa. Mjane wake akaomba fidia, ile anayopewa familia ya mfanyakazi aliyefia kazini. Mahakama ya juu ya jimbo ikamkatalia mwaka wa 1957. Ilisema chuo hakikuwa kwenye biashara ya mpira, kwa hivyo Dennison hakuwa mfanyakazi.

Miaka hiyo hiyo ndiyo NCAA ilianza kusukuma neno "mwanafunzi-mwanamichezo" kila mahali. Walter Byers, aliyeiongoza NCAA kuanzia 1951 hadi 1988, alikuja kukiri kwenye kitabu chake cha 1995 kwamba neno hilo lilitungwa kwa makusudi, ili wachezaji wasije wakahesabiwa kuwa wafanyakazi. Maneno ya mkubwa mwenyewe.

Kwa hivyo mpango ukawa hivi: chuo kinapata mchezaji bila kumwita mfanyakazi, na anapohitaji pesa, shabiki tajiri anapita mlango wa nyuma na bahasha. Wakishikwa, anayeumia kwanza ni mchezaji na timu. Mfano mkubwa ni Southern Methodist University kule Texas. Wafadhili wao waliwalipa wachezaji kisiri, na uchunguzi ukaonyesha kama dola 61,000 katika kipindi cha mwisho kilichoangaliwa. Mwaka wa 1987 NCAA ikaifutia timu msimu mzima. Gavana wa Texas, Bill Clements, aliyekuwa ameongoza bodi ya chuo hicho, akakubali hadharani kwamba walijua na waliacha malipo yaendelee.

Na wakati bahasha zinapita chini ya meza, juu ya meza pesa zilikuwa zinamwagika. Mwaka wa 2010 NCAA ilisaini mkataba wa runinga wa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, kwa mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume. Makocha nao wakawa watumishi wa umma wanaolipwa zaidi katika majimbo mengi. Mwaka wa 2023 Texas A&M ilimfuta kocha wake Jimbo Fisher ikiwa inadaiwa kumlipa zaidi ya dola milioni 75, ili tu asifundishe. Kwa hivyo mtu akiniambia pesa za wachezaji hazikuwepo, bana, acha.

Wakenya tumekuwa ndani ya hii stori pia. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State University mwaka wa 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 3,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 5,000 na mita 10,000. Wakati huo riadha yote ilikuwa chini ya sheria za ridhaa. Miaka mingi baadaye Edward Cheserek alishinda mataji 17 ya NCAA akiwa University of Oregon. Alimaliza mwaka wa 2017. Alipewa masomo, sawa, na si kitu kidogo. Lakini jina lake lilipouza tiketi, yeye hakuruhusiwa kuliuza.

Miaka minne tu baada yake, ukuta ukaanguka. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji tisa kwa sifuri, ilisema NCAA haiwezi kubana misaada ya masomo ya wachezaji itakavyo. Tarehe 1 Julai mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kupata pesa kwa jina na sura zao: matangazo, kusaini jezi, video za mtandaoni.

Wazo lilikuwa zuri. Kisha mashabiki wakaunda vikundi vya kukusanya pesa, na mimi sina jina bora kuliko letu: chama. Unachanga kila mwezi, chama kinampa mchezaji pesa, naye anakuja kupiga picha na nyinyi au anatuma salamu kwenye video. Kwa jina ni tangazo. Kwa ukweli ni mshahara unaolipwa na shabiki.

Matatizo hayakukawia. Mwaka wa 2023 watu wa kodi wa Marekani walisema vingi vya vyama hivi havistahili msamaha wa kodi kama mashirika ya hisani, kwa sababu vinafaidi wachezaji binafsi. Mwaka wa 2024 Matthew Sluka, mrushaji mpira mkuu wa UNLV, aliacha timu baada ya mechi tatu, zote wameshinda. Upande wake ulisema aliahidiwa pesa hakupewa. Chuo kikakana. Mashabiki wengi wakamtukana yeye. Lakini jiulize: mfanyakazi asiyelipwa alichoahidiwa akiacha kazi, tunamwita msaliti? Hata hapa tunamwita mtu mwenye akili.

Juni 2025 jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi inayoitwa House. Wachezaji wa zamani watalipwa karibu dola bilioni 2.8 kwa jumla, na vyuo sasa vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Unadhani hapo shabiki atapumzika? University of Tennessee ilikuwa imeshatangaza mapema ongezeko la asilimia 10 kwenye tiketi za mpira, likaitwa ada ya vipaji. Na barua za "changa dola kumi" bado zinatumwa. Muulize binamu yangu.

Nikiangalia safari yote hii, naona kitu kimoja. Aliyebeba bahasha amebadilika mara nyingi: reli, mzee tajiri, chama cha mashabiki, sasa tiketi. Kisichobadilika ni kwamba chuo kinakataa neno "mfanyakazi". Machi 2024 wachezaji wa kikapu wa Dartmouth walipiga kura 13 kwa 2 kuunda muungano wa wafanyakazi. Chuo kikakataa kujadiliana nao, na mwisho wa mwaka ombi likaondolewa.

Najua mtu atasema: si hata sisi Kenya tunachanga? Kweli, tunachanga sana. Matanga, bili ya hospitali, karo, nauli ya kijana anayeenda ng'ambo. Simu haipumziki. Na ndiyo maana tunajua tofauti. Mchango ni wa dharura, na anayepokea anasema asante. Hawezi kudai, hawezi kulalamika zikichelewa. Mshahara una mkataba. Una tarehe. Ukiumia, una bima. Bosi akikataa kulipa, unaenda mahakamani na humwambii mtu asante.

Kuna jingine. Mchango unafuata mapenzi. Shabiki anamchangia yule anayemwona kwa runinga, siyo msichana anayeruka viunzi na maji mbele ya watu hamsini. Hata yale malipo ya zamani ya kesi ya House yamegawanywa hivyo: sehemu kubwa, kama asilimia 90, ni ya mpira wa Marekani na kikapu cha wanaume. Tena makubaliano hayo yameweka kikomo cha idadi ya wanamichezo kwa kila timu. Nafasi zikipungua na pesa zikivutwa upande mmoja, wa kwanza kuhisi baridi ni timu za riadha. Huko ndiko watoto wetu wako.

Halafu kuna visa. Mwanafunzi wa kigeni ana mipaka mikali ya kufanya kazi Marekani, na vyuo vingi vinaogopa kumruhusu apokee pesa za matangazo asije akafukuzwa nchini. Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo vyote mwaka wa 2022 akiwa Kentucky. Ili afanye matangazo kwa usalama, alisubiri hadi timu ilipoenda Bahamas Agosti hiyo, ndipo akapigwa picha na kusaini vitu. Mchezaji bora wa nchi nzima alilazimika kutoka nje ya nchi ndiyo alipwe.

Nikubali upande wa pili pia. Vyuo vingi havipati faida kwenye michezo. Kwa vingi, timu zinabebwa na ada za wanafunzi, na si haki mwanafunzi wa uuguzi mwenye mkopo amlipie mchezaji gari. Kwa chuo kama hicho sina jibu la haraka, na sitajifanya ninalo. Lakini vile vikubwa, vyenye mikataba ya runinga na makocha wa mamilioni, havina haki ya kupitisha kikapu kama kanisa.

Kama wewe ni shabiki na moyo umekusukuma, toa. Ni pesa zako. Ila uliza kwanza nani anashika hizo pesa, mchezaji ana mkataba gani, na nani kwenye chuo hicho hicho hataona hata senti. Usipojibiwa, ujue umeombwa kumsaidia mwajiri, siyo mchezaji.

Binamu nilimjibu usiku huo. Nilimwambia asichange, alale, ana mazoezi alfajiri. Akaniambia rafiki yake wa timu ya mpira, ambaye ndiye anayechangiwa, hulala sakafuni chumbani kwao siku mgongo ukimuuma, kwa sababu kitanda ni laini mno. Ana miaka 20. Akiumia vibaya kesho, mchango utasimama.

Nyinyi mnaonaje? Ungechanga ama ungekataa? Niambie hapo chini, lakini toa sababu.