Programu ya benki ya maswali

Programu ya benki ya maswali ni programu ya kompyuta inayohifadhi na kupanga maswali ya chemsha bongo ya televisheni. Kila swali huwekwa pamoja na jibu, majibu mengine yanayokubalika, kiwango cha ugumu, chanzo na tarehe lilipotumika, lisije likarudiwa. Mfano wa chemsha bongo hizo unaojulikana shuleni Kongo ni Génies en herbe, iliyoanzia Radio-Canada, shirika la utangazaji la Kanada, mwaka 1972. Kazi ngumu zaidi katika kutunza benki kama hiyo ni kuhakiki majibu. Mjini Goma, swali «Volkano ya Nyiragongo ililipuka lini mara ya mwisho?» lilikuwa na jibu sahihi la 17 Januari 2002 mpaka usiku wa 22 Mei 2021, lava iliposhuka hadi eneo la Buhene; programu isiyoweka muda wa uhakiki ingeendelea kulipatia alama jibu la zamani.