Vijiko Sita vya Sukari, Nusu ya Chumvi

Wiki chache baada ya kuacha chuo, nilikula samosa za jioni kando ya barabara pale Kitale. Kufikia alfajiri nilikuwa nimeenda choo mara nane, na choo ya ploti yetu iko mwisho wa korido. Nikafanya kile ambacho wengi wetu hufanya. Nilimtuma jirani aniletee Flagyl, halafu nikaacha kunywa maji. Nilidhani nikikauka mimi, tumbo nalo litakauka.

Mchana nikaona afadhali nyumbani. Matatu ikapita Kiminini, Kamukuywa, Webuye. Nilishuka Bungoma miguu ikiwa laini kama uji.

Kukhu, nyanya yangu, hakuuliza maswali. Alichemsha maji, akayaacha yapoe, akapima lita moja. Akatia vijiko vya chai sita vya sukari, kila kimoja akikisawazisha kwa kisu, na nusu kijiko cha chumvi. Akakoroga, akaonja.

"Isizidi machozi," alisema. "Kunywa, mjukuu wangu. Ukitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena polepole."

Nilipomwambia kwamba nilikuwa nimejinyima maji, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba mwaka 1974 alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyeanza kuhara. Watu wazima wa boma walimwambia asimpe maji, eti yatazidisha. Mtoto alimaliza siku tatu. Huyo ni mjomba ambaye sikuwa nimewahi kusikia habari zake.

Nikiwa nimelala pale na simu mkononi, nilianza kutafuta. Nilitaka kujua kitu kimoja: mwaka 1974, ulimwengu ulikuwa unajua nini?

Ulikuwa unajua mengi. Mwaka 1960, kwenye mkutano jijini Prague, mwanabiokemia Mmarekani Robert Crane alieleza kwamba kwenye ukuta wa utumbo mdogo kuna kitu kama mlango ambao glukosi na sodiamu huingia pamoja, na maji huzifuata. Sukari peke yake haitoshi, na chumvi peke yake haitoshi. Baadaye ikaonekana kwamba hata kipindupindu kinapoufanya utumbo umwage maji kama bomba lililopasuka, mlango huo huendelea kufanya kazi.

Mwaka 1968, madaktari David Nalin na Richard Cash walijaribu jambo hilo kwa wagonjwa wa kipindupindu huko Dhaka. Wagonjwa waliokunywa mchanganyiko wenye glukosi na chumvi walihitaji dripu kidogo sana. Halafu ikaja 1971. Vita vya Bangladesh viliwasukuma mamilioni ya watu hadi India, na kipindupindu kikawafuata kambini. Pale Bangaon, dripu zilikuwa zinamwishia daktari Dilip Mahalanabis. Akaagiza glukosi, chumvi na magadi ya kuokea vichanganywe na maji, na jamaa za wagonjwa wenyewe wakawa wanawanywesha. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Mwaka huohuo wa 1971, kipindupindu kiliingia Kenya.

Kwa hiyo ujuzi ulikuwepo. Kilichokosekana ni safari yake. Wataalamu wengi waliona dawa hiyo ni rahisi mno, na kwamba mama asiyesoma hawezi kupima. Ni mwaka 1978 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wa kuieneza, na jarida la The Lancet likaandika kwamba huenda huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko wote wa tiba katika karne ile.

Kuhusu mama asiyesoma, Bangladesh ilitoa jibu. Kuanzia 1980, wanawake wa shirika la BRAC walienda nyumba kwa nyumba wakifundisha kipimo cha mkono: konzi ya sukari guru na chumvi ya vidole vitatu. Mwalimu alilipwa kulingana na jinsi akina mama walivyokumbuka. Kwa miaka kumi walifikia zaidi ya nyumba milioni 12. Akina mama walikumbuka.

Siku ya pili nilikunywa uji wa wimbi na kula ndizi, kwa sababu kumnyima mgonjwa chakula pia ni kosa la zamani. Flagyl niliiweka kando. Haiui virusi, na matumbo mengi ya aina hii huletwa na virusi. Siku ya tatu nilikojoa mkojo mweupe, na Kukhu akafurahi kama aliyeona matokeo ya mtihani.

Siku hizi pakiti ya ORS inapatikana kwenye duka la dawa, na ni bora kuliko ya kukoroga nyumbani kwa sababu ina potasiamu pia. Mtoto huongezewa zinki kwa siku 10 hadi 14. Tangu 2014 watoto wa Kenya huchanjwa dhidi ya virusi vya rota. Lakini ukiona damu kwenye choo, homa kali, macho yaliyobonyea, mkojo uliokatika, mtoto aliyelegea au mtu anayetapika kila anachomeza, achana na vijiko, nenda hospitali.

Kabla ya kurudi Kitale nilimwambia Kukhu nilichopata. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Nilimtajia mwaka tu, 1968. Alihesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu.

"Miaka sita," alisema.

Akatazama nje, upande wa barabara ya Mumias, ambako kiwanda kilikuwa kimeanza kusaga miwa mwaka 1973.

"Na sukari tulikuwa nayo."