Mwenda wa Bayeke: ni mtoto wa mji gani?

Mji ukitaka kumheshimu mwanamuziki, swali la kwanza huwa ni la asili: ametoka hapa? Kwa Jean-Bosco Mwenda, ambaye wengi Lubumbashi wanamhesabu kuwa wao, jibu si fupi.

Alizaliwa mwaka wa 1930 huko Bunkeya. Hapo palikuwa makao ya Mwami Msiri, aliyeuawa na Wazungu Desemba 1891. Msiri naye hakuwa mwenyeji: ukoo wake ulitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, ukifuata biashara ya shaba. Na tangu Katanga ilipogawanywa majimbo manne mwaka wa 2015, Bunkeya iko Lualaba. Ukifuata ramani ya sasa, Haut-Katanga inamsifu mtoto wa jirani.

Hata sifa yake haikuanzia Lubumbashi. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Kijana alipiga gitaa kavu kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene, kile kingine kikaimba juu, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. “Masanga” ikatoka kwenye santuri za Gallotone za Afrika Kusini, na santuri hizo zikamfungulia njia. Kwa muda alikaa Nairobi, na wapiga gitaa wa Kenya walijifunza mengi kwake. Mwaka wa 1969 alipanda jukwaa la Newport, Marekani.

Lakini Lubumbashi ina haki yake, nayo iko katika lugha. Mji huu ulianza mwaka wa 1910, na Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia. Kila mmoja alikuja na lugha ya kwao. Kambini na mitaani, Kamalondo na Kenya, wakakutana katika Kiswahili. Mwenda aliimba kwa Kiswahili hicho cha watu waliotoka mbali. Angeimba kwa lugha ya kwao tu, Nairobi ingesikia gitaa bila maneno. Leo familia iliyokimbia vita Kivu, ikipanga chumba Katuba, inamsikia bila mkalimani, ingawa huenda ikacheka kidogo matamshi ya Katanga.

Mwaka wa 1972 Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, Jean-Bosco liliondoka. Yeye akajiita Mwenda wa Bayeke. Mwenda ni jina la ukoo wa kifalme wa Bunkeya, na Bayeke ni watu wake. Alifariki mwaka wa 1990 kwa ajali ya gari, akiwa na jina hilo. Barabara au uwanja wowote wa Lubumbashi ukipewa jina lake, kibao kitataja Bayeke pia.